Tanga Lisilo na Tundu

Mama, shikamoo. Nipo Ukerewe kwenye tamasha la mashua. Wiki nzima nimelala ndani ya mashua ya tanga, na natapika hata tukiwa tumetia nanga. Nahodha aliposikia mimi ni fundi cherehani, alinipa tanga nilishone kabla ya mashindano. Kama ulivyonifundisha, sikuacha tundu: niliziba yote, hata yale ya kupitishia kamba. Leo wenzetu wameondoka na upepo, sisi tumebaki ufukweni tunatoboa tanga kwa misumari. "Fundi," nahodha ameniambia, "kazi yako ni safi mno." Nakukumbuka sana, na uji wako pia. Majirani wa Mabatini wakikuuliza, waambie tumeshika mkia. Ni afadhali kuliko kusema hatukuondoka.

Mwanao, Maduhu