Nilimzika Shangazi Mapema

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika kambi ya waandishi. Shamba tupu pande zote. Chumba kina meza, kiti, na dirisha linalotazama zizi la ng'ombe. Kimya! Nyumbani nalalamikia kelele. Huku sina hata wa kumlaumu. Riwaya yangu mwaka wa tatu huu haisogei. Isiposogea wiki hii, naitupa. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi
Sentensi moja. Nimeifuta.

Jumatano, 5 Machi
Sheria ya hapa: baada ya chakula cha jioni mmoja wetu anasoma ukurasa, na wasikilizaji hawaruhusiwi kusifu wala kuponda. Wanauliza tu. Leo zamu yangu. Nimesoma sura ya pili, mazishi ya shangazi wa shujaa wangu, yule mwanasheria kijana. Nikasubiri waulize habari za shujaa. Wapi! Mshairi mmoja akataka kujua marehemu alikuwa akicheka vipi. Mama Maiti — ndivyo tunavyomwita, anaandika hadithi za upelelezi — akauliza amekufa na nini hasa. Nikasema presha. Akanitazama weee. Eti yeye kaua watu katika vitabu vyote hivyo, anamjua marehemu aliyeuawa na woga wa mwandishi.

Nimekwenda kulala bila kuaga. Ana mdomo yule mama!

Alhamisi, 6 Machi
Ana mdomo, lakini kasema kweli. Shangazi wa kitabuni ni shangazi yangu mwenyewe, aliyenilea — anayebishana na redio, aliyekataa posa mbili na hajutii. Niliogopa atajitambua. Ndiyo nikamzika mapema.

Asubuhi nimemfufua. Kaamka na maneno yake! Kamfukuza mwanasheria jikoni. Nimeandika mpaka vidole vikafa ganzi, chakula cha mchana kikanipita, nacheka peke yangu kama mwehu. Jamani, raha!

Ijumaa, 7 Machi
Kurasa zinakuja zenyewe. Roho ndiyo haitulii. Siwezi kumwanika mtu aliyenilea bila kumwambia. Mama Maiti anasema nimalize kwanza, radhi baadaye. Rahisi kwake, watu wake wote wamekufa, hawalalamiki. Shangazi akikataa, kitabu sina.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia. Salamu ndefu — nakula? nalala? kuna mbu huko? Nikamkatiza. Shangazi, nimekutia kitabuni.

Nikaibana simu sikioni.

"Umenitia nafanya nini?"

Unakataa posa, nikasema.

"Ya fundi saa au ya mwalimu?"

Zote mbili, Shangazi. Nitakusomea, na ukisema nifute, nafuta.

Akasema hebu ningoje, anatafuta miwani. Miwani ya nini, na msomaji ni mimi? Sikuthubutu kuuliza. Simu iko mezani, naandika haya nikimsubiri. Anarudi, namsikia. Anavuta kiti.

"Haya," anasema. "Anza na ya mwalimu."