Saa Nne ya Usiku, Mchana Kweupe

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Wizi wa kompyuta ya mkononi, ofisi ya Mkuu, taasisi ya utafiti wa mimea na wadudu
Shahidi: Bi Majira (ndivyo anavyoitwa kazini, jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 54, mjane
Kazi: Mtunza mimea katika taasisi hiyo
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, namba 7, nyuma ya tangi la maji
Yameanza kuandikwa: Alhamisi tarehe 10, saa 4:35 asubuhi

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Afande amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba nina umri wa kumzaa, na kwamba uongo haunikai mdomoni. Hata nikijaribu, uso wangu hunitangulia.

Nimekuja kwa ajili ya mtunza wadudu wetu, ambaye sote tunamwita Bwana Pua. Mmemlaza mahabusu tangu jana alasiri, na nimeambiwa leo saa nane mchana anapelekwa mahakamani kwa wizi wa kompyuta ya Mkuu wetu. Kompyuta hiyo ilipotea jana Jumatano, tarehe 9, kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi, Mkuu alipokuwa ametoka ofisini. Bwana Pua hakuiba. Nusu saa hiyo yote alikuwa na mimi.

Kwanza nieleze kazi yetu, maana nimeona hapo ndipo mlipopotea. Mimi natunza maua meupe ya jamii ya tumbaku, yale yanayonukia usiku tu. Bwana Pua anatunza nondo. Na hapa naomba kitu kirekebishwe. Askari aliyekuja kupekua aliandika kwamba mshukiwa amekiri kuhifadhi nondo mia mbili, na nasikia mtu alitumwa kwenye jengo la jirani linalojengwa kuuliza kama wamepotelewa na chuma. Hizo si nondo za ujenzi. Hao ni wadudu wenye mabawa, wanaruka usiku, na wanakunywa maji ya sukari.

Ua lina saa yake ndani. Ukilinyima mwanga siku mbili nzima, wakati wake ukifika linaachia harufu vilevile, kama mtu aliyezoea kuamka alfajiri bila kuamshwa. Nondo naye ana saa yake. Pua yake ni vile vipapasio viwili vya kichwani, na kuna wakati vinanusa vizuri na kuna wakati hata umwage chupa ya marashi mbele yake hashtuki. Sisi tunapima kama saa ya ua na saa ya nondo zinakubaliana.

Kwa kuwa hatuwezi kukesha kila siku, tumeugeuza usiku. Chumba changu hakina dirisha. Taa zinawaka saa kumi na mbili jioni na kuzimika saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo sisi tukiingia kazini, kwa mimea giza ndiyo kwanza limeingia. Na kwenye karatasi zetu tunaandika saa ya mimea, si ya watu. Watafiti wa kutoka nje wakija hutufundisha hesabu yao ya saa ngapi zimepita tangu taa ziwake, na sisi hucheka, maana ndivyo tulivyolelewa: kumekucha, imepita saa moja, basi ni saa moja. Mmea unahesabu kwa Kiswahili.

Kwa hiyo karatasi ya vipimo mliyoichukua, iliyoandikwa "saa 3 hadi saa 5 usiku," ni saa tatu hadi saa tano asubuhi kwa walio nje. Mpelelezi wa jana aliisoma, akadhani ni usiku wa juzi, akaona kitabu cha getini kinasema juzi Bwana Pua alitoka kazini saa kumi na moja jioni, akamwita mwongo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake haikuwa ya uongo. Alikuwa usiku, mchana kweupe.

Sasa siku yenyewe. Jumatano nilifika kazini saa 1:20 asubuhi. Saa 2:45 Bwana Pua alibisha mlangoni kwangu kuazima kipimajoto. Anacho chake, tena anavyo viwili, lakini kwa miaka kumi na moja amekuwa akija kuazima changu, na mimi nimekuwa nikimpa bila kuuliza. Saa 2:55 tuliingia chumba cha giza na kufunga mlango. Tulikaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa. Taa yetu ilikuwa kurunzi moja iliyofungwa karatasi ya kijani, kwa sababu mwanga wa kijani mimea haiujali sana. Yeye aliunganisha kipapasio cha nondo kwenye nyaya mbili nyembamba, hewa iliyopita kwenye ua ikapulizwa juu yake, na mashine ikaonyesha kipapasio kimeshtuka kiasi gani. Kila baada ya dakika tano alisoma namba na mimi nikaandika, kwa kuwa namba za mashine ni kubwa, lakini kuandika gizani miwani yake haimsaidii. Ndiyo maana mwandiko ule ni wangu. Afande ameulinganisha mbele yangu.

Afande ameniuliza kwa nini mistari miwili iko mitupu, wa saa 4:15 na wa saa 4:20. Amesema ofisi ya Mkuu iko milango minne kutoka chumba changu, na kwamba hiyo robo saa inatosha mtu kwenda na kurudi. Amenisomea pia alivyojibu Bwana Pua jana alipoulizwa jambo hilohilo: "Hayo hayawahusu." Na alipoulizwa alikuwa na nani: "Nilikuwa na mtu wa heshima, msimsumbue."

Niliposomewa hayo nililia kidogo, naomba iandikwe hivyo. Alifikiri watu watasema nini, wajane wawili kwenye chumba cha giza, mlango umefungwa. Nilimpenda kwa hilo. Nilimkasirikia pia, kwa sababu heshima yangu si kitu cha kumlaza mtu mwenye mgongo mbovu kwenye sakafu ya saruji.

Robo saa hiyo ilikwenda hivi. Saa 4:10 alisoma arobaini na moja, namba kubwa kuliko zote tulizowahi kuandika. Kisha akaacha kutazama mashine. Nilidhani mashine imekufa. Akasema, "Bi Majira, mimi nina vipimajoto viwili."

Nikamwambia najua, mwaka wa kumi na moja huu.

"Basi unajua kinachonileta mlangoni kwako. Nataka tuoane, kama na wewe unataka."

Nikamwambia mstari wa saa nne na robo umepita. Akasema acha upite. Ukapita, na wa saa nne na dakika ishirini nao ukapita. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia nina binti, na neno kama hili sitaki alisikie kwa jirani. Akasema ni haki yangu. Saa 4:25 akasoma arobaini, na sauti yake ilikuwa ndogo. Tukaendelea hadi saa 5:00.

Muda wote huo hakuinuka kwenye ndoo. Kama neno langu halitoshi, tazameni namba zenyewe. Mlango ule ukifunguliwa mwanga wa ukumbini unaingia, na maua yale yakipigwa na mwanga yanakata harufu. Namba zingeanguka hadi kumi au chini yake. Baada ya mistari mitupu zinasomeka arobaini, arobaini na moja, thelathini na tisa. Maua hayo hayamjui Bwana Pua na hayana sababu ya kumtetea.

Saa sita mchana niliondoka kwa ruhusa kumsindikiza binti yangu kliniki, ni mjamzito. Nilimweleza tukiwa kwenye foleni. Alicheka mpaka muuguzi akageuka. Akasema, "Mama, mimi nilidhani mlishaoana, mnasubiri tu kutuambia. Ng'ombe hazeeki maini."

Leo nilifika kazini saa 1:15, nimevaa gauni ambalo silivai kazini. Nikakuta kufuli mlangoni kwake, na mlinzi ndiye aliyenieleza yaliyotokea. Nilichukua ufunguo wa akiba, nikawapa nondo wake maji ya sukari kwa kuwa walikuwa hawajanyweshwa tangu jana, kisha nikaja hapa.

Aliyechukua kompyuta simjui. Mfagizi alimwona mtu wa koti jeupe akitoka ofisini kwa Mkuu. Wenye makoti meupe tuko kumi na saba, na mimi ni mmoja wao.

Nimeomba kumwona Bwana Pua. Afande amesema utaratibu hauruhusu kwa sasa. Basi nimeomba aniandikie jibu langu humu. Amesema maelezo ya shahidi si barua. Nimemwambia, mwanangu, umeniuliza zile dakika zilijaa nini, nami nimekujibu kwamba zilijaa swali. Swali sasa limo kwenye jalada la serikali, kila hakimu atalisoma. Ukiliacha bila jibu utakuwa umeacha mstari mwingine mtupu. Afande ameweka kalamu chini, halafu ameichukua tena.

Jibu langu ni ndiyo. Nilikuwa nakuja kumwambia leo asubuhi. Naomba asomewe.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote, nimeyatambua kuwa maneno yangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: Bi Majira
Saa 5:50 asubuhi

MAELEZO YA OFISA

Nimeyaandika mimi mwenyewe kama shahidi alivyoyatamka. Mwandiko kwenye karatasi ya vipimo umelinganishwa na wake na unafanana. Mkuu wa upelelezi amearifiwa. Mshukiwa hapelekwi tena mahakamani, na upelelezi wa wizi unaendelea. Neno "nondo" limerekebishwa kwenye orodha.

Saa 6:25 mchana nilimsomea mshukiwa maelezo haya, kwa ombi la shahidi. Alisikiliza akiwa amesimama. Aliomba sehemu ya mwisho irudiwe, nikairudia. Aliomba tena, nikairudia.

Ameachiwa saa 6:40. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi la nje, amesogea pembeni na kuacha nafasi ya mtu mmoja.