Bomba la Jiko la Mzee Athumani

Kilwa Masoko, Jumapili, Julai 1973

Kusi linavuma tangu asubuhi, na vumbi la uwanja wa shule linaingia mpaka kwenye kikombe. Chai yenyewe sina hamu nayo. Nina aibu tangu jana mchana, na leo nimejiongezea nyingine.

Acha niandike, maana kusema nimeshindwa.

Mzee Athumani, jirani yangu, alikuwa mpishi katika meli ya vita wakati wa vita kuu ya pili. Hapa kijijini hakuna anayemwamini. Mtu wa Likawage, bara kule kwenye mihogo na ufuta, meli ya vita ataijulia wapi? Ana kovu refu mkononi, na siku zote husema aliunguzwa na bomba la moshi wa jikoni, lililopita nje, ubavu wa kushoto wa meli. Wanamcheka, hasa Selemani muuza duka.

Mimi huchonga meli ndogo zisizofika shubiri. Mti wa msufi kwa umbo, pini kwa mizinga, rangi ya baiskeli juu yake. Nilipotakiwa kupeleka kazi za mikono kwenye maonyesho ya Saba Saba, mzee akaniomba nimchongee meli yake, wajukuu waione. Picha niliyokuwa nayo, ya gazeti la zamani, ilikuwa ya meli pacha na hiyo yake. Meli mbili, mchoro mmoja. Kwa siku tatu mzee alikaa barazani kwangu akinieleza zilipoachana: ile nyingine jiko lake lilibaki chini, ya kwake lilihamishiwa juu, ndipo bomba likatokea ubavuni. Niliandika yote kwenye daftari.

Kisha nikachonga zote mbili kwa kigezo kimoja cha karatasi, nikabadilisha namba tu. Daftari sikulifungua tena. Nilikuwa na haraka, na nikajiambia kitu kidogo kuliko punje ya mchele hakuna atakayekitafuta.

Walikitafuta hichohicho.

Jana mzee alikuja kwenye maonyesho na kanzu yake ya Idi, wajukuu wanne nyuma yake. Selemani akainama mezani, pua karibu iguse mlingoti.

"Haya mzee, bomba lako liko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akanitazama, akangoja. Selemani naye akanigeukia: "Mwalimu, ndiyo meli yenyewe hii, au siyo?"

Nikasema ndiyo yenyewe.

Sijui kwa nini nilisema vile. Hapana, najua. Mkuu wa shule alikuwa amesimama pale, na alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunisifu mbele ya wageni.

Mzee Athumani alivuta mkono wa kanzu ukafunika kovu, akawachukua wajukuu wake wakaondoka kabla ngoma haijaanza.

Leo asubuhi amepita hapa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole uleule. Nilitamani anitukane.

"Ati mwalimu," akasema, "wewe umesoma. Mtu anaweza kusahau pahala alipoungulia?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Nikamjibu, "Inawezekana, mzee. Miaka imekuwa mingi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake taratibu. Ameniamini mimi kuliko mkono wake mwenyewe.

Nimefungua daftari. Yote yamo, kwa mwandiko wangu. Nimekata kipande cha pini na kukipaka rangi, kimelala hapa kwenye kifuniko cha wino. Kukibandika ni kazi ya dakika mbili, na hakuna atakayejua kwamba jana hakikuwepo.

Kwa sababu hiyohiyo sikibandiki hapa. Kesho nikitoka darasani nitazibeba meli zote mbili mpaka dukani kwa Selemani, nitaweka gundi juu ya meza yake, na Mzee Athumani ndiye atakayenionyesha pa kukiweka.