Trei ya Chini

Machi 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo inanila mgongo. Wewe hujambo? Na goti la mama limepoa?

Nina habari njema. Hapa hospitali wamenipa dirisha la kuandikisha wagonjwa, mimi peke yangu, na kiti cha kuzunguka. Kila anayeingia lazima apite kwangu kwanza: jina, umri, anakotoka, ndugu wa karibu. Cheka ukitaka, lakini hata daktari hamwoni mtu ambaye sijamwandika.

Dereva wa lori la kokoto ameniambia bado unakohoa. Usihangaike kuja huku, Baba. Foleni ni ndefu, na wewe na subira hamjawahi kuelewana. Nimempa chupa mbili za dawa ya maji akuletee. Kunywa vijiko viwili asubuhi na viwili jioni.

Msalimie mama.

Ni mimi binti yako.


Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ukiacha kifua changu ambacho siku hizi hakinisikilizi. Goti la mama yako limepona, sasa ananifokea akiwa amesimama. Hongera kwa kiti. Nimewatangazia watu machimboni mpaka wamenichoka.

Dawa yako ni tamu na imeisha, kikohozi kipo palepale. Nalowa jasho nikilala, na suruali sasa naifunga kwa kamba. Nyundo, mwenzangu tunayepasua naye mawe tangu ujana, yeye hali yake ni mbaya zaidi. Amekuja huko hospitali kwenu mara tatu. Anaandikishwa, anakaa kwenye benchi kutwa, jioni anaambiwa daktari ameondoka, rudi kesho. Anasema kadi zetu sisi wa machimboni zinawekwa kwenye trei ya chini, na daktari anaanza na ya juu. Nikamwambia aache uzushi, binti yangu ndiye yuko pale dirishani. Alinitazama, akaanza kuongelea mvua.

Alhamisi nakuja mwenyewe. Nitavaa lile shati jeupe ulilonipa, nisikuangushe mbele ya wenzako.

Baba yako.


Aprili 11

Baba,

Shikamoo. Nakuuliza hali yako nikijua sistahili hata kujibiwa.

Wiki mbili nimeanza barua hii na kuichana. Nilikuona tangu ulipoingia getini na lile shati jeupe. Mkuu wa zamu alikuwa amesimama nyuma yangu anapiga soga. Ulipofika dirishani uliinama kidogo, ukanitazama, ukangoja. Ungeweza kuniita kwa jina langu la nyumbani na kila kitu kingeishia pale. Hukuniita. Uliningoja mimi, na mimi nikakuuliza, "Jina?"

Ukalitaja. Nikakuuliza umri, ukautaja. Nikakuuliza unakotoka, ukasema machimboni, na mkuu wa zamu akacheka puani kama kawaida yake. Nikakuuliza, "Ndugu wa karibu?" Ukasema, "Sina, sista."

Baba yangu mzazi ameniita sista. Niliandika "hana" kwa mkono wangu huu, nikaiweka kadi yako kwenye trei ya chini.

Nyundo hakuzusha. Trei hiyo niliikuta. Siku ya kwanza wenzangu waliniambia hao watu wa kokoto wamezoea kungoja, tena wanaongea kilugha chao, wanamchelewesha daktari. Nilicheka pamoja nao. Daktari alipouliza kama kuna anayekijua kilugha hicho, nilikaa kimya kama sikuzaliwa nacho. Nyundo aliyekuwa ananibeba mabegani nimemwandika mara tatu, na mara zote tatu nimemweka chini.

Saa kumi na moja jioni, daktari akiwa ameondoka bila kukuona, uliinuka kwenye benchi, ukajifuta vumbi, ukaniaga kwa heshima. Naona haya, Baba. Naona haya hata kutia sahihi barua hii.

Binti yako, kama bado unaniita hivyo.


Aprili 20

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mama yako anakusalimu. Sijamsomea barua yako, nimemwambia unaulizia goti.

Sitakudanganya kwamba hukuniumiza. Nilirudi kwa miguu ili nisimkute mtu wa kuniuliza umenipokeaje. Majirani walipokuja kuniuliza nikawaambia hukuwa zamu, kwa hiyo sasa familia nzima ni ya waongo.

Lakini na mimi nina langu la kukiri. Siku unaondoka kwenda chuoni, nani alikuambia ukiulizwa unakotoka useme mjini? Ni mimi. Nilikuketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikakufundisha useme bila lafudhi yetu, nikakusifu ulipopatia. Nilidhani nakufungulia njia. Uongo huo ni wangu, wewe umeulea tu, na umekua mpaka umenikalia kifuani.

Nyundo tumemzika Jumapili. Kadi yake ya hospitali ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Mkewe ameniambia kwamba mumewe alikutambua tangu siku ya kwanza. Hakuniambia kwa sababu alikuwa ananiona ninavyojivuna na hakutaka kuninyang'anya hilo.

Kuhusu kifua changu, acha tu. Sirudi huko kukutia aibu mbele ya wenzako.

Baba yako.


Aprili 24

Baba,

Shikamoo. Nimelia mpaka nimemaliza. Sasa nisikilize, maana jasho lako na suruali yako ya kamba nikiviweka pamoja, naogopa ni kifua kikuu, na kifua kikuu kinatibika kikiwahiwa. Nyundo hakuwahiwa. Hilo nitaishi nalo, siombi mtu anipunguzie.

Jana asubuhi niliitoa trei ya chini nikaiweka mezani kwa mkuu wa zamu. Nikamwambia kuanzia leo nagawa namba, aliyetangulia ataonwa kwanza, na mimi ni mtu wa kokoto, baba yangu ni mpasua mawe. Hakucheka. Alisema atanipeleka kwa mganga mkuu. Nikamwambia twende wote, na tukaenda. Mganga mkuu ameniachia namba zangu, na onyo la maandishi kwa kuficha kwamba najua lugha ya wagonjwa. Onyo hilo ni halali yangu.

Kisha nikaenda kwenye benchi, nikauliza kwa kilugha chetu nani anakohoa zaidi ya wiki mbili. Hakuinuka mtu. Walidhani nawategea. Mwisho bibi mmoja akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nilikutaja wewe. Akanitazama sana, akasema, "Siku zote hizo ulikuwa humo ndani?" Nikampa namba yake kwa mikono miwili, Baba.

Njoo. Alhamisi nitakusubiri getini nikupeleke kwa daktari moja kwa moja.

Binti yako.


Aprili 27

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, mama yako akisikia. Alikasirika, akalia, akaanza kuninyooshea lile shati.

Alhamisi nakuja. Usinisubiri getini, na usinivushe foleni hata nikikohoa mpaka mapafu yatoke. Nitachukua namba kama watu wengine. Tuko saba wenye vifua vibovu. Wa kwanza atakuwa mjane wa Nyundo, naye ameanza kukohoa. Nilipomwambia umeitoa ile trei, aliuliza kama ni wewe utakayemwandika. Nikasema ndiyo. Akasema atakuja. Hakusema zaidi, na wewe usimwombe aseme.

Mimi nitakuwa nyuma yake. Ukifika pale pa ndugu wa karibu, niulize tena. Uliza kwa sauti, hata wa mwisho kwenye benchi asikie. Nami nitajibu.

Baba yako.