Mkwe Yumo Chooni

Jumatatu, 4 Machi

Choo kimeanza tena. Ukivuta flashi tangi linajaa, halafu halikati — shwaaa, mchana na usiku. Boya limechoka. Nikiligonga tangi kwa kiganja linanyamaza. Nikifika sebuleni linaanza. Nimempigia Chenge, fundi bomba. Nipo njiani, bosi. Nyuma ya sauti yake watu wanashangilia goli.

Hellen anataka kitengenezwe kabla mama yake hajafika. Mimi hakinisumbui. Kiwandani mashine za barafu zinalia kutwa, sikio langu lilishastaafu.

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe kafika kutoka Sengerema. Nilikaa chumbani mpaka akapelekwa chumba chake, ndipo nikamsalimia kupitia pazia. Shikamoo mama. Marahaba baba, poleni na kazi. Basi. Mkwe na mkwe hawatazamani, na nyumba yenyewe ndogo. Kwa hiyo asubuhi nitakuwa natokea mlango wa nyuma, ule wa karibu na choo, na jioni narudia hukohuko. Heshima nayo ni kazi.

Ana mawe kwenye figo. Wamepitia kwa daktari kwanza: anywe maji, mengi, kila siku, Jumatatu arudi apigwe picha. Mawe yasipotoka, atapasuliwa. Dada yake alipasuliwa, hakurudi nyumbani. Hilo Hellen kaniambia kwa kunong'ona.

Jumatano, 6 Machi

Chenge yupo njiani. Njia gani hiyo isiyo na mwisho!

Alhamisi, 7 Machi

Mama hanywi maji. Jagi linalowekwa asubuhi, jioni liko vilevile. Anasema hana kiu. Ziwa lote hili, na mtu kaja kukaa na kiu! Hellen kambembeleza, kafoka, mwishowe kalia. Mama kamjibu taratibu kwamba akirudi Sengerema atakunywa.

Mimi Hellen kaniletea kikombe. Majani ya mpera, yamechemshwa, machungu balaa. Mama kasema unywe, usiulize. Nikanywa. Kitu cha mkwe hakirudishwi.

Ijumaa, 8 Machi

Kikombe kingine alfajiri. Sijapata choo tangu jana — nasema changu cha tumboni. Kile cha nyumba bado kinatiririka.

Jioni. Shamsia, jirani, kamvuta Hellen pembeni. Mama yako anakuja kwangu kuomba choo, alfajiri na magharibi. Anasema chooni kwenu yumo mkwe wake. Hatoki. Tumbo linamwendesha, masikini, na wewe ukiingia ni kwenda kumuuguza. Mama msimseme, mtamwaibisha.

Nilicheka mpaka Hellen akanipiga na mto. Kisha nikaacha. Anasikia maji, anajua mtu yumo. Hanioni nikienda kazini kwa sababu najificha — kwa heshima! Na hodi hawezi kubisha, mkwe akiwa ndani. Kwa hiyo hanywi, ili asije akahitaji. Amebeba mawe yake, anasubiri kisu, na bado anatoka kuchuma majani ya mipera ya watu kwa ajili ya tumbo langu ambalo ni zima. Nimeona aibu sana. Na nimempenda, yule mama.

Nikaenda kufunga koki. Kimya. Hellen akaingia kumweleza: si mtu, ni tangi. Nikasikia jibu kupitia ukuta. Ng'wanone, mwanangu, usimfiche mumeo, kuumwa si kosa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemfuata Chenge mwenyewe. Nimemkuta kwenye banda la kuonyeshea mpira, nikamswaga mpaka nyumbani kama mbuzi wa mnada. Boya jipya, mpira mpya wa chini. Akavuta flashi: likajaa, likakata. Alisema ni kazi ndogo hii, bosi, ungeniambia mapema.

Nyumba imekuwa ya ajabu. Nasikia mpaka friji.

Mama kamuuliza Hellen, mumeo amelala? Hellen kasema choo kimetengenezwa. Mama kamshukuru Mungu kwamba nimepata nafuu. Akanywa glasi. Moja tu.

Jumapili, 10 Machi

Hellen yuko misani. Nimeingia chooni — hatimaye! Nimekaa kwa raha zangu, nasikia kandambili koridoni. Zinakuja taratibu. Zikasimama mlangoni. Kitasa kikaguswa.

Na maji ya kunisemea hayapo tena. Nikakohoa.

Kandambili zikarudi nyuma kidogo. Hazikuondoka. Nikajua: amekunywa, na anahitaji, na hawezi kusema. Kwa Shamsia ni mbali kwa mtu aliyebanwa. Sijawahi kuzungumza na mama mkwe bila pazia wala Hellen katikati.

— Mama, natoka.

— Toka tu, baba. Nimegeukia ukutani.

Nikafungua. Kweli, kageukia ukutani, kanga mpaka usoni, kama mtoto anayecheza kujificha. Nami nikatazama sakafu, nikapita.

— Na tumbo?

Ningeweza kumweleza boya, koki, Chenge na mpira wake.

— Limepona, mama. Dawa yako imefanya kazi.

— Haya. Basi na mimi nitakunywa ya kwangu.

Aliuambia ukuta, lakini nilisikia.

Nimekaa uani, juu ya jiwe, naandika. Kupitia dirishani naliona jagi lake mezani, limeshuka chini ya nusu. Kesho hospitali. Yumo chooni muda sasa, sijui kama ni vizuri au vibaya, na wa kumuuliza sina.

Flashi imevutwa. Tangi linajaa. Bado linajaa. Nasikiliza likate —