Gari Aliloliombea Mama Mkwe

Homa Bay, 4 Februari 1996

Kwako Maro, kama tunavyomwita mama mkwe kwa Kijaluo,

Pokea salamu zetu sote wa huku ziwani. Sisi hatujambo. Watoto wanakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini wanakula vizuri. Wasiwasi wetu ni wewe. Binti yako Joyline aliporudi kutoka Migori alisema miguu yako imevimba hata viatu haviingii, na kwamba usiku unalala ukiwa umeketi kwa sababu ya moyo. Nilisukuma sahani kando.

Nikushukuru tena kwa maombi. Siku ile nilipokuja kulichukua gari kwa shemeji Benard, ulitoka na mkongojo wako, ukaweka mkono juu ya boneti na kuomba hadi majirani wakaja kusimama kwenye ua. Tangu hapo naliendesha kwa moyo mweupe. Si jipya, lakini ni la Kijerumani, viti vya ngozi, na ukikanyaga mafuta kidogo tu linakusukuma mgongo kwenye kiti. Hapa sokoni akina mama wa samaki wananitania: "Ogweno, mbuta wako siku hizi wanasafiri na viti vya ngozi?" Nawajibu mbuta wabaki kwenye lori lao, gari hili ni la kumbeba mama mkwe.

Na si mzaha. Daktari wa Migori alisema uende Kisumu kwa mtaalamu wa moyo. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Gari liko sawa kabisa, ila linavuta kidogo upande wa kushoto, na nikipita Rodi kwa spidi linaguna chini ya kiti cha nyuma. Benard anasema ni tairi.

Nijibu upesi.

Mkweo,
Ogweno


Migori, 12 Februari 1996

Mkwe wangu Ogweno,

Nimeipata barua yako nikiwa kitandani, lakini akili ingali nzima. Wasalimie watoto. Wape maji ya moto yenye tangawizi, kikohozi kitaisha.

Kuhusu safari ya Kisumu, asante, lakini haitawezekana. Wewe ni Mjaluo na mimi ni Mkisii, na katika jambo hili watu wetu hawatofautiani. Mama wa mke hakai kiti kimoja na mume wa binti yake. Sisi tunaita chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Gari lako ni kama nyumba yako. Nitakaa wapi humo? Mbele, bega kwa bega nawe? Nyuma, nikitazama kisogo chako hadi Kisumu? Acha nibaki na heshima yangu.

Lakini nakuomba, uendeshe polepole. Usilipeleke mbali. Ukienda Oyugis, nenda peke yako. Watoto wapande matatu. Najua unaona ni maneno ya mzee anayeogopa kila kitu. Niogopee basi, unifanyie hivyo.

Na huo mguno, usingoje Benard. Mtafute fundi mwingine.

Mama yako,
Leonida


Homa Bay, 24 Februari 1996

Kwako Maro,

Hatujambo. Kikohozi kimekwisha, tangawizi yako imefanya kazi.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikawasomea wazee wa kanisa letu kule Kosele ile sehemu ya heshima. Mmoja alisema, "Huyo ni mwalimu kweli. Siku hizi mama mkwe anapanda na kukuuliza kwa nini redio imezimwa." Walicheka, lakini walikusifu. Mimi mwenyewe nimejivunia ukoo niliooa.

Kwa hiyo nimepata njia. Wewe huwezi kupanda nami, lakini mwanao hakatazwi. Joyline amejifunza kuendesha, na karatasi yake ya leseni imetoka. Jumapili tarehe tatu Machi atakuja yeye, na watoto nyuma wakusindikize hadi Kisumu. Mimi nitabaki na lori langu la samaki. Heshima imebaki, na wewe umetibiwa.

Kuna jambo moja la kushangaza. Kioo cha mbele kimepasuka kutoka juu hadi chini, na hakuna jiwe lililorushwa. Gari lilikuwa limesimama tu uani. Halafu nikiliinua kwa jeki kubadilisha tairi, milango ya nyuma haifungiki hadi lishuke. Kesho kutwa nitalipeleka kwa fundi Oyugis kabla ya safari yenu.

Mkweo,
Ogweno


Migori, 27 Februari 1996

Ogweno,

Safari hii sitauliza habari. Nampa Phelesia, anayenisaidia hapa nyumbani, barua hii apande nayo basi la asubuhi. Simu ya dukani imekufa tangu mvua ya juzi, vinginevyo ningepiga hata kama ni kwa kulia tu.

Joyline asije na gari hilo. Watoto wasilipande. Wewe usilipande. Ondoa betri, uifungie ndani.

Gari hilo ni magari mawili. Lilizaliwa hapa nyumbani kwangu, nyuma ya jiko. Novemba lori lilileta nusu ya mbele. Nyuma yake ilikuwa imebondwa yote, wakaikata. Wiki iliyofuata ikaja nusu ya nyuma ya gari jingine lililofia mahali nisipopajua. Benard alimleta Mniko, fundi wa kuchomelea, wakaziunga chini ya turubai. Nilikuwa nikiketi mlangoni kuota jua, cheche zikiruka hadi kwenye kuni zangu. Nilimuuliza Mniko kama kitu hicho kitashika. Alifuta jasho akacheka: "Bibi, likienda polepole litakaa. Likigongwa, kila nusu itarudi kwao."

Benard aliniambia, "Mama, wewe fundisha Biblia, chuma niachie mimi. Rangi ikikauka hata malaika hawatajua."

Nilinyamaza. Wakati huo mnunuzi alikuwa mtu wa Nairobi nisiyemjua, na nikalala usingizi mzuri. Nakueleza hili ujue mama mkwe wako ni nani. Nilifundisha watoto kusema kweli tangu nikiwa msichana, na nikalala usingizi mzuri kwa sababu atakayekufa hakuwa na jina.

Kisha mtu wa Nairobi hakuja. Ukaja wewe. Nilikuona umevaa suti, unazunguka gari, unagusa viti kwa ncha ya vidole kana kwamba ni vya mtu mwingine. Benard alinitazama. Yeye ndiye mwanangu wa pekee wa kiume. Ndiye ananinunulia dawa, na ndiye atakayechimba kaburi langu. Nikajiambia nitakuita kando. Lakini mama mkwe hamwiti mkwe wake kando, na nikashukuru kwamba siruhusiwi. Ndipo Benard akasema kwa sauti, "Mama, tuombee gari." Nikaja, nikaweka mkono. Mdomoni nilimshukuru Mungu kwa baraka. Moyoni nilikuwa nikisema, Bwana, lishikilie.

Nilikuandikia habari ya chinsoni. Ogweno, haikuwa heshima. Niliogopa kupanda. Nilikataa kuweka mwili wangu mzee mahali ambapo niliwaacha ninyi muweke watoto. Na wewe ukaenda kuwasomea wazee.

Moyo wangu unapiga vibaya, nadhani sina muda mrefu. Sitaki unisamehe upesi. Nataka unijibu neno moja tu, kwamba gari limesimama.

Leonida


Migori, 8 Machi 1996

Ogweno mwanangu,

Phelesia anaapa alikupa barua mkononi. Anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukamwambia "sawa". Sawa nini?

Jumapili niliketi mlangoni tangu asubuhi. Gari halikuja na nikafurahi. Jua lilipoelekea kushuka furaha ikageuka. Halikuja kwa sababu umelizuia, au kwa sababu liko mahali barabarani? Kila pikipiki ikipunguza mwendo hapa mtaani nafikiri ni mtu wa polisi ananiletea majina.

Nikasirikie, lakini niambie wako hai. Hata kama umeamua kunifungulia kesi, andika hivyo. Nitasaini.

Mama yako,
Leonida


Homa Bay, 17 Machi 1996

Kwako mama,

Wako hai. Joyline mzima, watoto wazima. Ningekuandikia zamani hayo, lakini nyuma yake kulikuwa na mengine, na sikuweza kuandika haya bila yale.

Jumatatu, siku moja kabla hujaandika barua yako, nilikuwa kwa fundi Oyugis. Aliinua zulia la nyuma. Kisha akaniuliza, "Boss, gari hili ulinunua moja au mawili?" Akanionyesha mshono. Nilikuwa nimeuza injini ya boti kulinunua.

Pale pale gereji alikuwepo mtu anayeitwa Monari, mfanyabiashara Mkisii anayekaa Magunga. Yeye hakuona chini ya zulia, aliona viti. Alitaka gari la kumbebea binti yake Nyamusi siku ya harusi, na baadaye la kutembelea. Fundi alinitazama, mimi nikatazama barabara. Monari akauliza, "Lina shida yoyote?" Mama, nilimjibu hivi: "Mama mkwe wangu, Mwalimu Leonida wa Migori, aliliombea kwa mkono wake." Akaruka kwa furaha. "Leonida aliyemfundisha mke wangu? Basi, shauri limekwisha!" Hakuuliza tena. Akaondoka nalo jioni ile.

Kesho kutwa yake Phelesia akanipa barua yako. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia. Sikupata nafasi. Kila mstari ulimojilaumu ulikuwa unanitaja mimi. Nilimwambia Joyline gari liko kwa fundi. Nikanyamaza kama ulivyonyamaza.

Barua yako ya pili ilinivunja. Alhamisi nilikwenda Magunga. Nilimkuta Monari akilipaka nta, utepe mweupe tayari kwenye boneti. Nikamwambia yote, mshono, nusu mbili, kila kitu. Alinisikiliza akitabasamu, kisha akasema, "Umepata mnunuzi wa bei nzuri, sivyo? Ninyi watu wa samaki! Jana zuri, leo bovu." Nikamwambia nitamrudishia kila kitu. Akacheka zaidi: "Huoni? Unalihitaji sana." Nilimwomba ainue zulia. Akasema asingebomoa gari la harusi kwa sababu ya wivu wangu. Nikashika mlango, na vijana wake wakanitoa.

Alipiga kelele nikiondoka: "Mwalimu Leonida aliliombea! Mlete yeye aje aseme ni bovu, nitakurudishia leo hii!"

Harusi ni Jumapili ijayo, tarehe ishirini na nne. Watamchukua Nyamusi na wasimamizi wake kutoka Magunga hadi Homa Bay, na vijana wameahidi kupimana spidi. Nimekwenda polisi. Wakauliza nina karatasi gani. Sina. Niliuza kwa mkono kama nilivyonunua kwa mkono.

Sijui nifanye nini. Naogopa kulala.

Mwanao,
Ogweno


Migori, 19 Machi 1996

Ogweno mwanangu,

Nimeipata barua yako leo mchana. Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya Joyline na watoto, kisha nikasimamisha shukrani, kwa sababu nilijikuta tena nalala vizuri juu ya mtoto wa mtu mwingine.

Nilimwita Benard, nikamtaka aende naye Mniko wakaseme. Alisimama mlangoni na funguo mkononi. "Mama, wewe unakufa. Mimi nabaki hapa Migori. Nani atanunua kwangu tena?" Nikamwambia hilo ni swali zuri. Ameondoka kwenda Isebania, na sidhani atarudi kabla ya Jumapili. Nikifa, mchimbaji atapatikana.

Nilianza kumwandikia Monari barua, nikaichana. Atasema umeiandika wewe. Amesema mimi niende, na ana haki. Kilichomfunga macho si viti vya ngozi, ni jina langu. Nimelitoa kwa mdomo, litarudishwa kwa mdomo.

Kwa hiyo njoo Alhamisi asubuhi, na lori la samaki. Usitafute gari zuri, usimlete Joyline kuendesha. Njoo wewe. Nitakaa mbele, karibu nawe, bega kwa bega. Watu wa hapa watasimama kutazama na wale wazee wako wa Kosele watasikia. Waambie mama mkwe amepanda, na akauliza kwa nini redio imezimwa.

Daktari amekuja leo. Nilimuuliza kuhusu barabara ya Magunga. Alisema, "Mwalimu, barabara ile inawachosha wazima." Sikumwambia ni ya nini. Ninaogopa, Ogweno. Nisikudanganye kwamba kusema kweli kumenipa amani. Phelesia amenishikia karatasi ili niandike. Naogopa kufia njiani, na zaidi naogopa kufia njiani kabla hatujafika. Ndiyo maana nakuomba usisimame Rongo kupumzika, wala usinipitishe hospitali hata ukiniona nabadilika rangi. Tukifika, nishushe, nikalishe mbele ya boneti ile ile, na mwite Monari na mke wake, na Nyamusi mwenyewe pia awepo. Mke wake anaijua sauti yangu, alikuwa akiketi dawati la mbele.

Leta nyundo na patasi za kubandua rangi kwenye mshono. Nikishasema, wewe inua zulia.

Mlango wa ua utakuwa wazi. Nitakuwa nimeketi nje tayari.

Mama yako,
Leonida