Sementi Ndani ya Konvertisa

Mubi, Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi, barabara ni tope tupu, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu.

Leo nimegundua kwamba Kambale amenichezea.

Kambale ni mshirika wangu wa duka na baba wa ubatizo wa binti yangu Neema. Yeye analeta mali kutoka Butembo na kuipanga mezani, mimi natengeneza na kueleza. Tunauza konvertisa, zile mashine za kugeuza umeme wa betri uwashe taa na televisheni. Watu wa hapa wanazipima kwa mkono. Mteja anainua, akiona nyepesi anairudisha mezani na kwenda zake. Kwao uzito ndio nguvu.

Kwa hiyo nilieleza mpaka koo likakauka. Transfo, ile transfoma ya ndani, ya zamani ni nzito kwa sababu inabeba umeme polepole, kama mtu anayesukuma pipa zima la maji. Hizi mpya zinakata umeme mara maelfu kila sekunde. Transfo yake inaenea kiganjani, inabeba kibidoni tu, kidumu kidogo cha maji, kila safari, lakini inakimbia bila kupumzika, na mwisho wa siku maji ni yaleyale. Inachodai ni hewa, maana mbio zinaleta joto.

Mauzo yakapanda. Nilifurahi sana, nikasema kumbe watu wakielezwa wanaelewa.

Mama Justine, mkunga wa Itebero, aliinua ya kwake akatabasamu. Nilidhani anatabasamia maelezo yangu.

Leo ameirudisha, nguo zimelowa, viatu mkononi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Papa Neema, kitu yako ilizimika mama akiwa anazala. Tulimaliza na toroshi ya telefone. Mutoto iko muzima, Mungu alisaidia."

Alipoondoka nikaifungua. Ndani kuna bonge la sementi, limegandishwa mbele ya feni. Hewa haina pa kupita. Transfo imeungua, nyeusi kabisa.

Nilifungua nyingine mbili za depo, ghala letu. Sementi.

Nilimuuliza Kambale, nikitumaini atakana. Hata hakukana. "Kaka, bantu banapenda uzito, mi nabapatia uzito. Ulizani maneno yako njo ilikuwa inauzisha?"

Hapo ndipo palipouma. Anajua hewa inahitajika, nilimfundisha mwenyewe, tukila ndizi za kuchoma nyuma ya duka. Na miezi yote hiyo aliniacha nihubiri pale mezani huku akinicheka moyoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Nina hasira. Nina aibu pia, maana Mama Justine hakumwamini Kambale, aliniamini mimi.

Bado hajui. Amelala kwa dada yake hapa Mubi, anadhani ni bahati mbaya tu. Kambale ananiomba ninyamaze, nimpe nyingine, yaishe.

Sitanyamaza.

Asubuhi nitamwonyesha Mama Justine bonge lenyewe na kumwambia nani aliliweka. Kisha nitampa konvertisa isiyo na kitu ndani ila kile kinachofanya kazi. Ataiinua, ataikuta nyepesi, atanitazama usoni.

Nitamwambia nini safari hii, ili aniamini?